Uliza Tukujibu: Nakuru ni jiji sawa, lakini nani ndio mkubwa wake?

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kitu kimoja, nani anaendesha mji na tumfikie vipi. Tumechagua chache na kuzifupisha. Majina ya watu tumeyatoa, na pale msomaji alilalamikia ofisi au afisa pia tumelitoa jina, lakini swali lenyewe tumeliacha vile lilikuja.

Hamjambo hapo gazetini. Mimi nauza mboga Kaptembwo miaka mingi. Nakuru ikipewa ujiji tulifurahi sana, mimi nikajua sasa meya anarudi kama zile siku za zamani, mtu unajua ofisi yake iko wapi. 2022 nimeenda kupiga kura nikapewa karatasi sita na hakuna hata moja ya jiji. Kwani huyu mkubwa wa jiji ni nani na mbona sikumchagua? – Mama wa mboga, Kaptembwo

Mama, umehesabu karatasi vizuri. Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, basi, hakuna ya saba. Meya aliondoka na mfumo wa zamani wa mabaraza, ule ulizimwa kabisa baada ya uchaguzi wa Machi 2013 wakati kaunti zilianza kazi. Na hata huyo meya unayemkumbuka hukuwahi kumpigia kura wewe mwenyewe, wewe ulikuwa unachagua diwani na madiwani ndio walikuwa wanakaa kwa ukumbi wao wanachagua meya.

Sasa Nakuru ilipewa hati ya ujiji tarehe 1 Desemba 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, ikawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Eldoret ikafuata 2024. Lakini ile hati haikuleta kiti cha kupigiwa kura. Ilichofanya ni kutuweka chini ya sheria ya miji na majiji ya 2011, na hiyo sheria inasema jiji linaendeshwa na bodi, na bodi inakuwa na meneja. Wanabodi hawapigiwi kura kwa debe, wanaingia kupitia serikali ya kaunti na bunge la kaunti linawapiga msasa kwanza. Mwenyekiti wanamchagua wao kwa wao. Meneja naye ni mtu wa kuajiriwa, kazi yake ni kutekeleza yale bodi imeamua na yeye anawajibika kwa hiyo bodi. Kwa hivyo ukisikia kwa redio "meneja wa jiji amesema", usifikirie ni meya amebadilishiwa jina, huyo ni mfanyakazi, anaweza kuwa na bidii sana au asiwe nayo, lakini hawezi kuamka asubuhi akaamua soko lihame.

Juu ya hao wote yuko gavana, saa hii ni Susan Kihika, na kabla yake walikuwa Lee Kinyanjui na Kinuthia Mbugua. Hapa ndio mimi naona watu wa mjini tunajisahau. Gavana ni wa kaunti nzima. Kaunti ya Nakuru iko na wadi 55, na zile za mjini, ukichukua Nakuru Town East na Nakuru Town West pamoja, ni 11 peke yake. Hizo zingine zote ni Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro, Kuresoi, Subukia, Rongai, Bahati, na watu wa huko pia wanataka barabara na dispensari na wana haki yao. Kwa hivyo kama wale MCA wetu 11 hawashikani kwa mambo ya mji, taa na mitaro ya Kaptembwo inapambana na kila kitu kingine kwa hiyo kaunti, na kura zetu peke yake hazitoshi kupitisha kitu. Mimi ningekuambia mama usitafute meya. Tafuta MCA wako umuulize swali moja tu, yeye na wenzake kumi wa mjini wamewahi kukaa chini wakakubaliana nini kuhusu jiji? Jibu lake litakuonyesha mengi.

Bwana mhariri, kwetu mtaro umeziba tangu mvua za kwanza, maji yanaingia kwa nyumba za watu. Tulienda kwa chifu akasema si yake. Tukaenda kwa MCA akasema hana pesa. Afisa mwingine akatuambia tungoje. Sisi tunazungushwa tu. Kati ya hawa watu ni nani hasa kazi yake? – Bodaboda, upande wa Rhoda

Pole sana ndugu yangu, maji kuingia kwa nyumba si mchezo, na watoto ndio wanaumia kwanza. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hii kuzungushwa ndio inafanya watu wengi wakate tamaa na serikali yao.

Chifu alisema ukweli. Chifu ni wa serikali ya kitaifa, yuko chini ya wizara ya usalama wa ndani, kazi yake ni usalama, vitambulisho, barua, kusuluhisha ugomvi, kuita baraza. Mtaro si wake. MCA naye hakudanganya lakini alikuambia nusu. MCA hana lori na hana mafundi, kazi yake kisheria ni tatu, kuwakilisha watu wa wadi, kutunga sheria za kaunti na kuchunga vile kaunti inatumia pesa. Lakini hiyo ya tatu ndio silaha yenyewe, yeye anaweza kusimama bungeni aulize kwa nini mtaro wenu haujazibuliwa na wakubwa wa idara walazimike kujibu, na anaweza kuhakikisha kazi hiyo imeandikwa kwa bajeti. "Sina pesa" si jibu la MCA, pesa si zake kuanzia mwanzo.

Mtu ambaye hamkumtaja kabisa kwa barua yenu ni msimamizi wa wadi, yule wengine mnamuita admini. Huyo ameajiriwa na kaunti, yuko kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, na kazi yake ni kuratibu huduma za kaunti pale kwenye wadi. Watu wengi hawajui hata sura yake. Anzeni hapo, na msianze kwa mdomo. Andikeni barua, hata kwa mkono, semeni mtaro uko wapi, umeziba tangu lini, nyumba ngapi zimeingia maji, watu wa plot waweke sahihi, mpige picha, mpeleke nakala mbili na moja igongwe muhuri mrudi nayo. Barua yenye muhuri haiwezi kuambiwa ingoje vile mdomo unaambiwa. Nakala ingine mpelekee MCA na ingine ofisi ya meneja wa jiji.

Jambo lingine, angalieni huo mtaro uko kando ya barabara gani. Katiba kwa Jedwali la Nne imegawa kazi, taka, soko, taa za barabarani, parking, barabara za kaunti, maji na maji taka ni za kaunti. Lakini barabara kuu ya kwenda Nairobi na Eldoret iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ile ni ya taifa, na kuna barabara zingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya taifa ya barabara za mijini. Mtaro wa kando ya barabara kuu ukiupeleka kwa msimamizi wa wadi peke yake utazungushwa na safari hii atakuwa na sababu. Na kama ni bomba la maji taka limepasuka hapo ni kampuni ya maji ya mjini, NAWASSCO, ambayo ni ya kaunti. Stima ya nyumba ni Kenya Power, hiyo usimsumbue mtu wa kaunti.

Je ni lazima nimlipe mtu wa kanjo akisema ada imepanda na hana karatasi yoyote? – Muuza viatu, katikati ya mji

Hapana. Katiba ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itatozwa au kubadilishwa bila sheria. Ada zote za kaunti, ya soko, ya parking, ya leseni ya biashara, huwekwa kwa sheria ya fedha ambayo bunge la kaunti linapitisha. Muulize kwa heshima iko kwa kipengele gani, na ulipe kwa njia rasmi inayokupa risiti. Pesa inayoingia mkononi bila risiti haifiki kwa kaunti na wewe kesho huna ushahidi ulilipa. Na tafadhali dada au ndugu, ada iliyo halali lipa, hiyo ndio inazoa takataka.

Naskia ile bodi ya jiji ni ya watu wakubwa na marafiki wao. Mimi ni fundi wa nguo, nimeishi Kivumbini maisha yangu yote, tuko na chama chetu cha mafundi. Mtu kama mimi anaweza kuingia kweli ama tunadanganyana? – Fundi, Kivumbini

Fundi, hili ndio swali nilikuwa nangoja mtu aulize. Ndio, unaweza, na sisemi kukupa moyo tu, imeandikwa. Sheria ya miji na majiji imetenga nafasi kwa bodi kwa watu wanaopendekezwa na makundi, na makundi yenyewe imeyataja, vyama vya wataalamu, sekta ya biashara binafsi, jua kali yaani wale wa biashara ndogo zisizo rasmi, na vyama vya mitaa vya wakazi. Soma tena hayo mawili ya mwisho. Nafasi ya fundi nguo, ya mama mboga, ya muuza mitumba iko hapo ndani ya sheria, na nafasi ya watu wa mtaa kama Kivumbini, Bondeni, Flamingo ama London pia iko hapo. Sheria inataka uwe raia wa Kenya na uwe mtu wa hapa kweli, unakaa mjini au unafanya biashara mjini. Muhula ni miaka mitano, na si kazi ya kukaa ofisini kila siku.

Shida iko wapi sasa? Shida ni kwamba neno lililoandikwa ni vyama vilivyosajiliwa. Chama chenu cha kuchangishana kila Jumapili ni kizuri, lakini kama hakina cheti, hakina katiba yake na hakina kumbukumbu za mikutano, siku ya kupendekeza majina ikifika nyinyi hamtakuwa kwa orodha ya wale wanaulizwa. Halafu mtu asiyejua hata bei ya kitambaa anakuja na cheti cha chama cha watu watatu na anakaa kwa kiti chenu miaka mitano anazungumza kwa niaba ya jua kali. Hii inaniuma sana fundi, kwa sababu ukitembea mji huu kutoka stendi mpaka soko la Wakulima wengi unaowaona wanafanya kazi ni watu wa jua kali, na wao ndio wanasukumwa kila kukitolewa agizo jipya.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Sajilini chama, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ndio inasajili vikundi vya kijamii, ulizeni pale mahitaji yao. Ungeni na wenzenu wa sekta zingine, maseremala, wa mitumba, wa mboga, kwa sababu sheria inaongea juu ya mwavuli wa vyama si chama kimoja. Kisha andikieni idara ya kaunti inayohusika na miji mkiomba kujulishwa nafasi ikitokea, mweke na ile nakala ya muhuri. Na mkae macho kwa tangazo la bunge la kaunti, kwa sababu majina yakipelekwa kupigwa msasa wananchi hupewa nafasi ya kuleta maoni kwa maandishi. Kama jina lililoletwa kwa niaba ya jua kali nyinyi wa jua kali hamlijui, hapo ndio pa kusema. Mkinyamaza MCA watapitisha na wala huwezi kuwalaumu, hakuna aliyewaambia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kila mwaka nikisoma tangazo la kuchukua maoni ya bajeti, mkutano umepita jana yake au ni kesho asubuhi mbali. Na nikienda, makadirio yameshaandikwa, tunasomewa tu. Kuna maana gani? – Mwalimu, London, Nakuru

Mwalimu shikamoo. Maana iko lakini tunakwenda mwezi usiofaa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, sasa watu wengi wanaamka Mei wakati makadirio yako mezani na kubadilisha kitu ni vigumu, kwa sababu viwango vya kila idara vimeshawekwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 iko na tarehe zake na hazifichwi. Kufikia 1 Septemba kaunti inatakiwa kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia 28 Februari inapeleka ile hati ya mkakati wa fedha, na hiyo mwalimu ndio inasema idara ya afya itapata kiasi gani, barabara kiasi gani, miji kiasi gani. 30 Aprili ni makadirio yenyewe, na 30 Juni inapaswa iwe imepitishwa. Mtu anayetaka taa za barabarani mtaani kwake asingoje Mei, aanze Agosti kabla ule mpango haujafungwa, na arudi Februari.

Kuhusu tangazo kuchelewa, usiridhike kusikitika. Katiba ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 akujibu. Andika Julai, omba ratiba ya mikutano yote ya maoni ya mwaka mzima na nakala za hati zitakazojadiliwa. Wasipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaita Ombudsman, bure. Wewe ni mwalimu, kalamu unayo na wakati sasa unao, na nakuomba kabisa uwafundishe na majirani maana wengi wanaogopa kuandikia serikali wakidhani watafuatwa. Pia ulizia lile jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, ile sheria ya usimamizi wa fedha za umma kwa kifungu cha 137 inataka ndani yake wakae watu wasio wa serikali, wa biashara, wafanyakazi, akina mama, walemavu, wazee, makanisa na misikiti. Wazee wametajwa. Nani anakalia kiti cha wazee huko kwetu? Hilo liulize kwa barua.

Seneta, mbunge na woman rep wanaweza kutujengea soko? – Kijana, Shabab

Soko ni la kaunti. Mbunge ana pesa za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, hizo zinaenda zaidi kwa shule za msingi na sekondari, usalama na basari. Mwakilishi wa wanawake anasimamia mfuko wa NGAAF, huo ni wa vikundi vya akina mama, vijana na walemavu, kwa hivyo kama nyinyi vijana mko na kikundi mtafute huyo. Seneta hana mfuko wa kujenga, kazi yake ni kulinda kaunti ipate pesa yake kutoka taifa na kuuliza vile imetumika, na gavana akitolewa na bunge la kaunti kesi inasikizwa na Seneti. Serikali ya taifa pia imekuwa ikijenga masoko sehemu kadhaa, lakini kuyaendesha kunarudi kwa kaunti. Ukiona mwanasiasa yeyote ameahidi soko kabla ya 2027, muulize liko kwa bajeti gani, ya mwaka gani.

Sisi wa Kisumu tulikuwa jiji kabla yenu, tangu 2001. Kwetu mambo ni tofauti ama ni yale yale? – Msomaji, Kondele

Omera, nyinyi ni wakubwa wetu kwa ujiji, hilo hatupingi. Mlipata ujiji chini ya sheria ya zamani mkiwa na meya na madiwani, lakini tangu 2013 sheria ni ile ile moja, bodi na meneja, chini ya gavana wa kaunti nzima. Abala Wanga alijulikana sana kwa kiti hicho cha meneja huko kwenu, na vile watu walikuwa wanamlalamikia au kumsifu ungedhani ni meya, kumbe ni muajiriwa. Shida yenu na yetu ni moja pia, Kisumu gavana lazima afikirie Muhoroni, Nyakach, Seme na Nyando si mji peke yake. Wale walio tofauti ni Nairobi na Mombasa, huko jiji lenyewe ndio kaunti, kwa hivyo gavana wao anachaguliwa na watu wa jiji tu. Ndio maana ukifuata siasa za Nairobi kwa televisheni ukadhani ndivyo ilivyo Kisumu au Nakuru, utapotea.

Mimi mwananchi wa kawaida naweza kuingia bunge la kaunti nisikize wakijadili, ama mpaka niitwe? – Msomaji, Menengai

Huhitaji kuitwa. Katiba ibara ya 196 inasema bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na vikao vyake na vya kamati zake viwe vya umma, na wananchi hawawezi kufungiwa nje isipokuwa kuna sababu maalum na spika aitaje. Beba kitambulisho, mlangoni utaandikishwa na utaonyeshwa pa kukaa wageni. Ukiweza chagua siku ya kamati badala ya kikao cha wote, kwa sababu kwenye kamati ndio maswali ya mitaro na soko na pesa za jiji huulizwa kwa kina na maafisa wanakaa hapo mbele kujibu. Piga simu au pita ofisi ya karani wa bunge siku moja mbele, uulize ni kamati gani inakaa na saa ngapi.